Haragwe la Kabatini

Mwalimu wa sayansi hula peke yake, kikombe cha bati kando, chaki imemjaa kwenye kucha. Mutindi, mpishi wa shule, aliyefukuzwa na mumewe bila kosa, humtazama kupitia dirisha la jikoni. Siku moja kabla ya likizo mwalimu aliwaonyesha watoto haragwe lililooteshwa ndani ya kabati: refu, jeupe, legevu. Walilicheka. Walipotoka alilipanda nje, akalimwagia maji yake ya kunywa, ingawa kiangazi kile kijiji kizima cha Tulia kilichota maji kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka.

"Mwalimu, hilo si limekufa?" Mutindi aliuliza kutoka dirishani.

"Bado, mama. Limenyimwa jua tu."

Mutindi alicheka kwa uchungu. "Na shule ikifungwa kesho, nani atalinywesha?"

Mwalimu alisugua ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, kama afanyavyo kila jioni watoto wakishaondoka, kisha akampa Mutindi kikombe hicho cha kulinyweshea.