Ukuta wa Mbao Zilizochanganyika

Kanape ya Angèle ilifika mtaa wa Mapendo, Goma, siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, imelazwa juu ya chukudu kama mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Buhendwa, mwenye chukudu, alikuwa ameusukuma mkokoteni huo wa magurudumu mawili kutoka Keshero, magurudumu ya mbao yakigonga mawe ya volkano njia nzima, na jasho lilikuwa limemlowesha hadi mkanda. Nyuma yake alitembea Angèle mwenyewe, mwavuli mkononi, akiwafokea wapita njia wasiguse vitambaa vya kochi lake.

“Mama Charline! Fungua mlango yote, kiti ya bakwe imefika!”

Léocadie alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Aliitazama kanape, kisha akautazama mlango wake. Vitu hivyo viwili havikuwa vya kukutana.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, ukoo wa Carlos ungekuja kumposa Charline, binti wa pekee wa Léocadie. Walikuwa watu wa Butembo, wafanyabiashara wa magari makubwa na njia ndefu, na kwa majuma mawili Angèle alikuwa amemwambia rafiki yake neno lilelile: bakwe wa namna hiyo hawaulizi maswali mengi. Wanakaa, wanaangalia saloni, yaani sebule yako, wanajua wameingia kwa nani. Alimjua mama mmoja wa Keshero aliyetembelewa hivyo. Wageni walikunywa soda, wakashukuru vizuri sana, na hawakurudi tena. Tangu asikie habari hiyo Léocadie alikuwa akila kidogo. Charline alikuwa amempenda Carlos kupitia vita vyote, simu zikikatika, barabara ikifungwa. Sasa ulikuwa mwanzo wa mwaka 2014, bunduki zimenyamaza upande wa Bunagana, magari yanapita, na lililobaki kuwatenganisha vijana hao lilikuwa saloni ya mama.

Ndiyo maana alikuwa ameazima. Mapazia ya rangi ya dhahabu yalikuwa ya Angèle, na yalifunika kuta zote kutoka dari hadi sakafuni. Maua ya plastiki yalikuwa ya Angèle pia, na vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo Angèle aliviweka juu ya kila kitu kisichokimbia: redio, termosi, hata ndoo ya maji.

“Haiingie,” alisema Léocadie.

“Itaingia,” alisema Angèle. “Buhendwa, sema nayo.”

Buhendwa alizunguka nyumba, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole. “Mama, nyumba ya mbao haina shida. Tunatoa mbao tano hapa mbele, kanape inaingia, tunarudisha. Mi nafanyaka hivi kila juma.”

Lakini ili kuipata misumari, ilibidi kwanza kuvua ukuta. Mapazia ya dhahabu yalishuka. Chini yake zilikuwapo kartoni za biskuti, ambazo Léocadie alizigandisha kwa unga wa muhogo miaka mitatu kabla. Chini ya kartoni ilikuwapo shitingi, lile turubai jeupe la msaada ambalo kila aliyewahi kukimbia analijua hata kwa harufu. Shitingi nayo ikatoka. Na pale, baada ya miaka sita hivi, Léocadie akauona ukuta wake wenyewe.

Alikuwa ameuficha kwa sababu ulimwaibisha. Nyumba hiyo Émile, mume wake, aliijenga kwanza Masisi, kwenye kilima kimoja juu ya Mushaki, saloni na jiko vikiwa vimetengana kama inavyotakiwa. Vita vilipopanda kilima, wao walishuka na watoto na sufuria moja. Kulipopoa kidogo, Émile alirudi na lori la kukodi, akaikuta nyumba imesimama, akaing'oa yote kwa siku moja. Alikuwa mtu wa utaratibu: kila ubao aliuandikia namba kwa makaa, ili akifika Goma airudishe vilevile. Mvua iliwakuta kabla ya Sake. Lori halikuwa na turubai. Walipofika Mapendo namba zote zilikuwa zimetiririka barabarani.

Watoto walikuwa wanalala nje. Émile alipigilia mbao jinsi zilivyomjia mkononi, na mbao za jikoni, zilizokuwa nyeusi kwa moshi wa miaka kumi na tano, zikaingia katikati ya mbao za saloni. Alisema atazipanga upya akipata nafasi. Hakupata. Alikufa mwaka 2011, kwa ugonjwa wa kifua, na mke wake akaongeza kartoni.

Buhendwa aling'oa mbao tano, na mwanga wa asubuhi ukaingia kwa upana ambao chumba kile hakikuwahi kuujua. Ulipiga ukuta wa nyuma, ambao nao ulikuwa umevuliwa ili kanape ipate kugeuka. Léocadie alikaa kwenye benchi bila kujua kwamba amekaa. Ubao mweusi, mbao mbili za rangi ya asali, mweusi tena, mwingine wa asali wenye fundo kama jicho, halafu nyeusi tatu pamoja. Zile nyeusi zilikuwa zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Chini ilikuwapo sakafu ya jiwe la volkano, nyeusi vilevile. Alitambua ubao aliokuwa akiuegemea akichochea ugali. Alitambua doa la maziwa yaliyofurika siku aliyozaliwa Charline.

Hakulia. Alichohisi kilikuwa kitu chepesi kuliko machozi, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima kutwa nzima na sasa amevivua.

Kanape iliingia. Ilijaa chumba kama ng'ombe ndani ya banda la kuku. Angèle alikaa juu yake kuonyesha uzuri wake, magoti yake yakagusa ukuta wa pili.

“Unaona? Sasa turudishe rido ya dhahabu kwa ukuta.”

“Hapana,” alisema Léocadie.

“Hapana nini?”

“Kanape itoke. Na rido ibaki chini.”

Angèle aligeuka kwa Buhendwa. “Huyu mutu amerogwa. Umesikia? Kesho anapokea bakwe, leo anavua nyumba uchi.”

“Miye ni wa kusukuma tu, mama,” alisema Buhendwa, akifuta nyundo taratibu ili asikose neno.

“Angèle, dada yangu, saloni yako ni nzuri, lakini kwako,” alisema Léocadie. “Kwangu, nikikaa katikati ya dhahabu hii, ninaomba ruhusa hata ya kukohoa. Kesho watanikuta ninaogopa viti. Si bora wanikute mimi?”

“Watakukuta masizi!”

Charline aliporudi kutoka kusuka nywele, alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Mama yake alikuwa akipiga deki sakafu, na kanape ilikuwa nje juani.

“Mama. Batasema tunakaa jikoni.”

Hilo lilimwingia Léocadie kuliko maneno yote ya Angèle, kwa maana arusi ilikuwa ya Charline. Aliweka kitambaa chini. “Ukisema nirudishe, nitarudisha. Ni siku yako. Lakini kaa kwanza. Kunywa chai, halafu useme.”

Charline alikaa kwenye benchi. Alikunywa polepole, akiuangalia ukuta ambao alikuwa msichana mdogo alipouona mara ya mwisho. Baada ya muda alinyoosha kidole kwenye doa la maziwa.

“Ile doa njo yangu, ya siku nilizaliwa?”

“Njo yako.”

Charline alimaliza chai. “Basi tuweke kitu ya bluu moja,” alisema. “Moja tu. Isiwe kama tumesahau kupamba.”

Wakatandika kitenge cha bluu juu ya meza, wakaweka mabenchi mawili na mikeka, na kibuyu cha maziwa cha Masisi mahali palipokuwa maua ya plastiki. Buhendwa alirudisha mbao tano. Alipouliza azirudishe kwa mpangilio gani, Léocadie alisema, “Kama zilivyokuwa,” na akasimama karibu kuhakikisha.

Bakwe walifika Jumamosi saa nane kamili, watu saba. Mbele alikuwa papa Grégoire, baba mkubwa wa Carlos, mtu mzito mwenye koti la kijivu, ambaye maisha yake yote alikuwa ameuza mbao. Pembeni yake alikuwa mama Kahambu, shangazi wa Carlos, mdogo wa mwili, mwenye macho yasiyotulia. Walisalimiana kwa adabu zote. Walikaa. Kisha, kama Angèle alivyosema, wakaanza kuangalia.

Macho yalipita ubao kwa ubao. Angèle, aliyekuja kusaidia kuandaa chakula, alichungulia kwa mlango wa nyuma na uso wa mtu aliyeonya mapema. Jua la mchana lilikuwa limepasha ukuta moto, na mbao nyeusi zilianza kutoa harufu yake. Mama Kahambu akanusa.

“Hapa wanapikaka?” aliuliza.

Charline aliinamisha kichwa. Léocadie angeweza kudanganya. Badala yake akasimulia: kilima, lori, namba za makaa, mvua ya Sake. Alisimulia kwa kifupi, na hakuomba radhi popote.

Papa Grégoire aliinuka. Alipapasa ubao mmoja, akaukwaruza kwa ukucha. “Hii ni mbao ya libuyu, ngumu, ya kweli,” alisema. “Siku hizi banatuuzia vijiti.” Alitembea kando ya ukuta akitenganisha kwa kidole, huu wa saloni, huu wa jiko, huu wa jiko. Kisha akageuka, amefurahi kama mtu aliyepata zawadi ya kutoa. “Mama Charline, usihangaike. Nitatuma seremala wangu. Kwa siku mbili atazipanga zote, nyeusi nyuma, nyeupe mbele. Itakuwa saloni safi. Hiyo itakuwa salamu yetu ya kwanza kwenu.”

Kulikuwa na minong'ono ya kukubali. Zawadi kama hiyo, mbele ya wajumbe, mtu hupiga makofi na kushukuru. Kuikataa ni kama kumrudishia mgeni mbuzi wake. Charline alimtazama mama yake, na Léocadie akaona kwamba hata yeye mwenyewe hajui atajibu nini.

“Papa, aksanti sana,” alisema Léocadie. “Seremala akija, atengeneze mlango, unakwaruza chini. Lakini mbao aziache hivyo. Mimi ninazipenda hivyo.”

Papa Grégoire alibaki na mkono ukutani. Hakuna aliyeinua glasi. Kisha mama Kahambu akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mabega yote.

“Kaka, kaa chini! Mwanamuke amekwambia anazipenda. Miaka ishirini umenijazia nyumba yangu na makabati yako, nani aliniuliza?” Alinyanyuka, akavuka chumba, akakaa upande wa pili, mgongo kwenye zile mbao tatu nyeusi zilizokuwa pamoja. Alivua viatu. “Tulivyokimbia kule kwetu, mi sikubeba hata kijiko. Aah. Hapa kuna joto. Charline, mutoto, niletee hiyo maziwa.”

Papa Grégoire aliangalia ukuta, akamwangalia dada yake, akakaa. “Mlango,” alisema mwishowe, kwa heshima ya mtu aliyeshindwa vizuri. “Basi tutatengeneza mlango.”

Maneno ya posa yalianza baada ya hapo, na kabla ya saa kumi na moja yalikuwa yamekwisha, na siku ya arusi imetajwa.

Jumapili baada ya misa Angèle, ambaye kanape yake ilikwisha kurudi Keshero kwa chukudu, alikuja kuchukua mapazia yake. Léocadie alikuwa ameyakunja vizuri, maua juu yake, na vitambaa vyote vyeupe vimehesabiwa. Angèle alikaa kwenye benchi na kuuangalia ukuta kwa muda mrefu, kichwa upande.

“Mi naona ni mbaya,” alisema.

“Najua,” alisema Léocadie, akimmiminia chai.

“Lakini yule shangazi, eh! Amekaa pale kama kwake.” Angèle alihama, akajaribu kuegemea zile mbao tatu. Akajiweka vizuri zaidi. Nje mvua ilianza kupiga mabati, mvua nzito ya mlimani, ambayo kwa miaka yote Léocadie aliisikia akiwa amekwisha kusimama, akitafuta kifurushi na kuhesabu watoto kana kwamba wanakimbia tena. Sasa alishangaa kujikuta bado ameketi, kikombe mkononi.

“Ongeza sukari,” alisema Angèle, macho ameyafumba. “Mi niko hapa kidogo.”