Siku Niliyomwagilia Maua Makavu

Kazi yangu ya kwanza duniani niliianza kwa kumwagilia maji maua makavu. Nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa Anko Wafula, ambaye huongeza chumvi. Yalikuwa maua yaliyokaushwa makusudi, yakatundikwa kichwa chini kwenye waya katika stoo moja ya Sulay, kule Riyadh. Mimi niliyashusha fungu baada ya fungu, nikayatia kwenye ndoo za maji, kisha nikasimama kando nikijipongeza.

Vijana wa siku hizi, na hapa nawasema hasa wa kidato cha kwanza, mnapenda kutuuliza sisi wazee kazi ilikuwaje enzi zetu. Enzi zangu zilikuwa likizo ya Desemba nikiwa kidato cha pili. Sasa niko cha tatu, nimestaafu, na nina muda wa kueleza.

Mama yangu alikwenda Riyadh na lile wimbi la maajenti waliokuwa wakizunguka Naivasha kutafuta wafanyakazi wa nyumbani. Kabla ya hapo alikuwa shamba la maua, kwenye banda la kufunga mawaridi ya kusafirishwa. Riyadh akapewa jiko, pasi na ndoo ya kudekia, na miaka ikapita bila kuonja likizo. Madam wake alikuwa na biashara ndogo ya mapambo ya maua makavu. Huko wakati wa baridi watu hukaa ndani, wageni huwa wengi, na kila mwenye sebule anataka kitu kizuri mezani ambacho hakitanyauka kesho. Siku moja Madam alimkuta Mama amepanga magugu makavu kwenye chupa ya achari, akayatazama, akamwambia msimu huo afanye kazi ya maua. Akifaulu, ataandikiwa mkataba mpya wa fundi, wenye ruhusa ya kwenda nyumbani kila mwaka. Asipofaulu, jiko liko palepale.

Na kwa kuwa hakuweza kumwachilia katikati ya msimu, Madam aliniombea mimi viza ya matembezi. Kwa hiyo badala ya Mama kuja nyumbani, nyumbani kukapakiwa kwenye ndege kukapelekwa kwake. Kisheria nilikuwa mgeni anayemtembelea mamake. Kikazi nilikuwa mwanagenzi.

Siku ya kwanza tulipelekwa Sulay na Anko Wafula, dereva wa Madam, mtu wa Bungoma, ambaye nilimpa cheo cha Waziri wa Usafiri. Njiani Mama alinifundisha Kiarabu cha dharura. Yalla ni twende. Halas ni basi, imekwisha. Moya ni maji. Tulifika kabla ya somo kuendelea.

Mkuu wa kituo alikuwa Mudir, yaani meneja wa stoo, Myemeni mwembamba aliyevaa miwani yenye kamba. Alinipa mkono, akanionyesha maua yote yaliyoning'inia, akainua kidole na kusema polepole, kama mtu anayemsomea mtoto, "Mafi moya. Mafi moya." Kisha yeye, Mama na Anko Wafula wakatoka kwenda kuteremsha maboksi.

Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Moya nilikuwa nimeshafundishwa. Hilo lingine nililisikia kama mavi yaliyosemwa na Mwarabu. Mavi na maji, basi. Mbolea na maji. Ni mtoto gani wa Naivasha asiyejua kwamba ua linataka vitu hivyo viwili? Nikasema huyu mzee anaijua kazi, ila amechelewa, maana maua yake yamekauka vibaya sana. Mbolea niliitafuta stoo nzima nikaikosa, Mungu ni mwema. Maji niliyapata.

Mafi, wajukuu zangu, maana yake ni hakuna.

Mudir aliporudi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mafi moya," akasema kwa sauti ya chini, kama anayesoma jina la marehemu.

Mama aliweka boksi chini. "Momanyi, umefanya nini?"

"Nimeyapa maji, Mama. Yalikuwa yanakufa."

"Yalikufa mwezi wa tisa. Ndiyo kazi yenyewe."

Anko Wafula aliinamia ndoo akachungulia. "Huyu alikuwa anayafufua. Mpelekeni kanisani, ana kipawa."

Mama hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Maua hayo yalikuwa ya pambo moja kubwa na madogo kadhaa ya kupelekwa Jeddah, kwa mama mkwe wa Madam, ambako mabibi wa ukoo wangekuja kuyakagua. Huo ndio ulikuwa mtihani wa Mama, na mimi nilikuwa nimeuloweka.

Tuliyatoa. Mawaridi yalikuwa yamekwisha, yamelainika kama mandazi yaliyosahauliwa ndani ya chai. Yale tunayoyaita maua ya karatasi, kwa sababu ukiyagusa makavu yanalia kama karatasi, yalikuwa mazima lakini yamejifunga yote, kila moja ngumi. Mudir alituambia tuyatundike tena, tuwashe feni, tusiyaguse. Kesho yake tulipofungua mlango yalikuwa yamefunguka, ya manjano na mekundu, kama hayajawahi kukutana na mimi. Mudir alieleza kwamba ua hilo hujifunga likipata unyevu na hufunguka likikauka, hata kama limekatwa zamani.

"Madam asijue," Mama akasema. "Ataniambia fundi asiyeweza kuchunga mtoto wake hawezi kuchunga stoo."

"Halas," Mudir akasema, na likafa hapo.

Baada ya hapo nilifanya kazi kweli. Nilikata waya. Nilijifunza sifongo kavu, lile tofali jepesi la kuchomekea mashina, ambalo ukilibonyeza kwa mzaha alama ya kidole haitoki, na Mudir anajua kidole ni cha nani. Pengo la mawaridi tulilijaza kwa masuke ya ngano, vitumba vya pamba na makuti membamba ya mtende. Mudir alikuwa akinifundisha mpangilio kwa maneno machache ambayo Mama aliyatafsiri: wakubwa wakae chini, wadogo wasimame nyuma, kama picha ya familia. Mama naye alikuwa akija nyuma yangu akichomoa nusu ya nilivyochomeka. "Acha nafasi. Mtu akitazama apate mahali pa kupitisha macho."

Mwisho wa yote pambo hupulizwa dawa ya nywele, ile ya saluni, ili lisipukutike. Nilijipuliza mwenyewe kichwani kwa uchunguzi wa kitaalamu. Nywele zangu hazikusogea hadi Jumatano.

Ndipo nikapata uhamisho wa kwenda Jeddah. Safari ni ndefu, jangwa tupu, na Mama alikaa kiti cha nyuma akiyashikilia maboksi kama wagonjwa. Tulisimama Sharafiya, mtaa wa huko Jeddah, kula wali, kisha tukaenda kwa mama mkwe. Jeddah wakati wa baridi ni raha, watu huzima eisii, ile mashine ya kupoza hewa, na kufungua madirisha upepo wa bahari uingie. Tuliweka pambo kubwa mezani, madogo pembeni, Mama akayazunguka mara kadhaa, akaridhika. Tukaitwa jikoni kunywa chai.

Tuliporudi sebuleni maua yalikuwa yamejifunga. Yote. Na Madam, aliyetangulia kwa ndege, alikuwa amesimama mbele yake, simu mkononi.

"Hivi ni nini?" akauliza. "Mmeniletea maua au vitumba?"

Mama alifungua mdomo, Kiarabu chote kikamkimbia. Nilimwona akigeuka kuutazama mlango wa jikoni tuliotokea.

Madam alijua Kiingereza, nami nilikuwa na cha shuleni, kwa hiyo nikamwambia, "Madam, ni unyevu wa bahari. Tufunge madirisha, tuwashe eisii, yatafunguka."

"Nani amekwambia?"

Ningeweza kumtaja Mudir. Lakini simu ilikuwa mkononi mwake, angempigia, na yule mzee hajui kudanganya hata kidogo. "Nimeona mwenyewe," nikasema. "Niliyatia kwenye ndoo ya maji."

"Momanyi, nyamaza," Mama akasema kwa Kiswahili.

"Kwenye ndoo," Madam akarudia. "Maua makavu. Kwa nini?"

"Mudir aliniambia mafi moya."

"Mafi moya ni hakuna maji."

"Sasa najua, Madam. Lakini kwetu hilo neno la kwanza linakaribiana na jingine." Mama alikuwa tayari anavuta shela kujifunika uso. "Linakaribiana na kinyesi. Cha ng'ombe," nikaongeza, kwa heshima. "Kwetu maua hupewa hicho na maji."

Madam alimtazama Mama. Shela ikatikisika kukubali. Madam akakaa kitini.

"Na hicho kinyesi," akauliza, "uliweka?"

"Nilikikosa, Madam."

Alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanaruka. Anko Wafula, ambaye hakuwa amesikia hata neno, alianza kucheka mlangoni ili asiachwe nyuma. Kisha Madam akajifuta macho, akawa Madam tena. "Yalla. Fungeni madirisha."

Tulifunga, tukawasha eisii, tukakaa. Kucheka si kusaini mkataba, na maua yalikuwa bado ngumi. Mama alikuwa akisugua kidole gumba chake kilichochomwa na waya. Niliyakodolea macho mpaka nikayaona mawili mawili. Mhudumu alileta chai, ikanywewa, akaleta nyingine. Halafu moja la pembeni, dogo, la manjano, likawa limefunguka, na sikumbuki kuliona likifunguka. Likafuata la jirani yake. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu Sulay.

Madam alizunguka meza. "Mawaridi yako wapi?"

"Ndiyo yaliyofia kwenye ndoo," nikasema, maana sasa hakukuwa na la kuficha.

"Afadhali. Ya mwaka jana yalikaa kimsiba." Akagusa suke la ngano, akamgeukia Mama na kumwambia kwa Kiarabu kile chepesi cha nyumbani ambacho hata mimi nilikipata: wakirudi Riyadh wataandika mkataba. Akamuuliza ruhusa yake ya kwanza anaitaka lini.

"Aprili," Mama akasema kabla swali halijatua.

Nilistaafu viza ilipokwisha, bila sherehe wala saa ya ukutani. Mudir alinipa mkono na koleo la kukatia waya, ambalo watu wa uwanja wa ndege walilichukua. Mkiniuliza kama naikosa kazi, naikosa kidogo, harufu yake hasa, ile ya nyasi kavu iliyochanganyika na saluni. Vidole vimepona. Ushauri wangu kwenu mnaoanza ni kwamba ukipewa maneno mawili na unajua moja, usishike ndoo.

Uwanjani Mama alinikunjia kola, akanipangusa bega ambalo halikuwa na kitu, akaniambia, "Aprili nakuja. Na mimi nimepika vya kutosha, kwa hiyo jikoni utaingia wewe."