Sauti ya Pili

Enzi zetu pale Makwale, wilayani Kyela, mtoto alijua kuimba Kiswahili kabla hajajua kukizungumza. Nyumbani tulisema Kinyakyusa, shambani Kinyakyusa, kisimani Kinyakyusa. Kiswahili kilikuwa lugha ya mwalimu wa darasa la kwanza na ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na kwa kuwa mwalimu tulimwogopa, Kiswahili chetu kingi kilitoka kitabuni. Maneno tuliyaimba kama tulivyoyasikia, na pale tusipoelewa tulijaza wenyewe. Kulikuwa na wimbo wa mazishi uliotaja makao ya milele. Sisi watoto, bila kuulizana, wote tuliimba "kakao ya milele". Kwetu ilikuwa na maana kamili. Kila nyumba ilikuwa na kakao, na kila mtoto aliijua kazi ya kuianua mvua inapotaka kunyesha. Mimi niliamini mbinguni ni shamba la kakao lisilo na mwisho, na swali langu pekee lilikuwa ni nani huko anayetumwa kuanua. Nilifika darasa la tano ndipo nikaliona neno lenyewe limeandikwa, na nilisikitika kidogo.

Mazoezi ya kwaya yalikuwa jioni, watu wakitoka shambani na miguu bado ina tope la mpunga. Mwalimu wa kwaya, Mzee Ambakisye, aliandika do-re-mi ubaoni kwa chaki, akazipiga fimbo moja moja, na waimbaji wakazifuata. Mvua ikishika, na mvua ya Kyela haichuruziki, inamwagwa, bati lilivuma mpaka fimbo tu ndiyo ikabaki kuonekana ikienda juu na chini. Aliwagawa watu katika sauti nne. Wanawake wenye sauti nyepesi waliimba ya kwanza, ambayo ndiyo wimbo wenyewe kama watu wengi wanavyoujua. Wenye sauti nzito kidogo waliimba ya pili, inayopita chini ya ile ya kwanza na kuishikilia. Wanaume walikuwa na ya tatu na ya nne. Mtu akijitokeza kupita wenzake, Mzee Ambakisye alisimamisha kwaya nzima na kumwambia, "Nikikusikia wewe peke yako, umekosea."

Mama yangu, Subilaga, alikuwa wa sauti ya pili. Jirani yetu, Mama Anyosisye, alikuwa wa sauti ya pili vilevile. Walikaa mwishoni mwa benchi, bega kwa bega, mama kulia na mwenzake kushoto, na hawakuwahi kubadilishana. Sisi watoto tulilazwa kwenye mkeka chini ya benchi hilo. Nyimbo zote nilijifunzia hapo chini, penye miguu na harufu ya tope na mafuta ya kupaka.

Nje ya kanisa ilikuwa hivyohivyo. Wakati wa palizi ya mpunga Mama Anyosisye alianzisha wimbo upande wake wa jaruba na mama akaupokea upande wetu. Tulipokwenda kuamia ndege waliimba, wakipukuchua mpunga waliimba, Jumapili mchana wakipika wali kwa samaki wa mbasa waliimba huku moshi ukiwatoa machozi. Na kwa sababu wote wawili walikuwa wa sauti ya pili, wimbo wenyewe, ule wa juu, haukuwepo nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi nilidhani sauti ya pili ndiyo wimbo, na wanaoimba ile nyingine wanapamba tu.

Vijana wa leo wanaziimba nyimbo zilezile, na sisemi kwamba wanaziimba vibaya. Inaanza ngoma ya kompyuta, kisha kinanda, kisha mtu mmoja anazungumza taratibu kama anayetangaza msiba, ndipo wimbo unafuata. Ubeti wa kwanza unaimbwa. Beti za pili na tatu zinapumzishwa. Kiitikio kinarudiwa mpaka mtu unamaliza kuchambua maharage. Kiongozi wa waimbaji hawezi kutamka neno fupi bila kulipandisha ngazi na kulishusha tena. Halafu kuna video. Video lazima ipigwe ufukweni Matema, watu wamevaa nguo za rangi moja, wanatembea polepole mchangani kama wanaotafuta kitu kilichodondoka. Enzi zetu ukitembea hivyo mtu mzima alikuuliza umepoteza nini, na kama hukupoteza kitu, alikutuma. Siku hizi nyimbo hizo zimejaa kila mahali. Nimewahi kupanda bodaboda kutoka Talatala, spika yake inaimba wimbo wa toba kwa sauti ya juu kabisa, na mwenyewe anawatukana mbuzi walioko barabarani.

Mwaka jana, msimu wa kakao, nilitoka Mbeya ninakoishi nikaenda Makwale kumwona mama. Amevuka themanini sasa. Anaishi na mdogo wangu Lusekelo, mke wake na watoto wao. Mama Anyosisye alikwishafariki miaka kadhaa nyuma, na Mzee Ambakisye kabla yake. Binti mkubwa wa Lusekelo, Atupele, anaongoza kwaya ya vijana, na walikuwa wametoka kurekodi nyimbo za kitabuni kwa mtindo wao wa kisasa. Spika ilikuwa barazani tangu asubuhi. Nyumba nzima ilijivunia, na mimi nilijivunia pia, maana binti ana sauti nzuri.

Mama alikuwa mkekani anatenga kakao mbovu na nzima. Ulipofika wimbo anaoujua, akaingia na sauti yake ya pili, bila kuinua kichwa. Katika rekodi ile sauti ya pili haikuwepo kabisa. Wote waliimba wimbo wa juu, na yeye peke yake akawa chini. Ukiisikia hivyo, kama hukuzoea, ni kama mtu anayekataa kwenda wanakokwenda wenzake.

Sekela, mdogo wake Atupele, anayesoma shule ya awali, alisikiliza kidogo, kisha akasema bila ubaya wowote, "Bibi anakosea wimbo."

Watu wakacheka, na mimi nikiwemo. Mama hakukasirika.

"Yawezekana," alisema. "Nimesahau."

Akaendelea na kakao yake. Tangu siku ile hakuimba tena. Asubuhi alipika uji kimya. Jumapili alikaa kanisani na kitabu kimefungwa mapajani, na watu waliposimama kuimba alisimama nao, mdomo umefumbwa. Lusekelo aliona ni umri. "Mwache apumzike, dada," aliniambia. "Ameimba vya kutosha."

Mimi nilimfuata mama jioni, nikamwuliza mbona haimbi.

"Nawaharibia watoto wimbo."

"Huwaharibii, mama. Ile ni sauti ya pili. Mtoto hajawahi kuisikia."

"Ya pili ya nani sasa?" aliuliza. Akagusa sikio lake la kushoto. "Zamani nilikuwa nasikiliza upande huu. Nikimsikia mwenzangu, najua nipo mahali pangu. Sasa hivi naimba, sijui kama nipo au nimepotea. Mtoto akiniambia nimekosea, nitamjibu nini?"

Nilichofanya ni kwenda jikoni kumweleza Atupele. Alikuwa anakoroga mboga, akanisikiliza huku akikoroga. Kesho yake, jua lilipopungua, alizima spika, akaenda kukaa mkekani karibu na bibi yake.

"Bibi, nataka tuimbe wote. Mimi ya kwanza, wewe ya kwako."

"Uimbe kama ilivyo kitabuni," mama alisema. "Usiizungushe."

Walianza. Atupele, aliyezoea kusimama na maikrofoni mbele ya makanisa yaliyojaa, hakufika mwisho wa mstari. Sauti ya bibi yake ilimvuta akashuka nayo. Wakaanza tena, akashuka tena.

"Usinifuate," mama alimwambia. "Ukinifuata tunabaki wote huku chini. Shika yako."

"Bibi, ni ngumu bila biti."

"Najua ni ngumu. Shika yako."

Waliendelea hivyo jioni kadhaa, na mimi nikaahirisha kurudi Mbeya. Mama hakumsifu hata siku moja. Lakini niliona kwamba akiimba anageuza kichwa kushoto, na akigeuza, hamwoni Atupele, kwa kuwa Atupele alikuwa amekaa kulia.

Wazo la kwenda studio lilikuwa la Atupele. Studio yenyewe iko Kyela mjini, nyuma ya duka la vitambaa, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai kuta nzima. Mwenyewe anaitwa Salumu. Babu yake alitoka pwani kuja kuuza nguo akalowea, na duka ni la familia. Ijumaa Salumu anafunga kwenda msikitini, siku nyingine anarekodi kwaya za kutoka Ngana, Makwale na kwingineko. Alimpa mama shikamoo, kisha akaongeza "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa, kwa lafudhi ya Kyela kabisa. Mama akafurahi, akamwitikia yote mawili.

Kazi ilianza vibaya. Salumu alimvika mama vile vya masikioni ili amsikie Atupele aliyekuwa nyuma ya pazia zito, upande wa pili wa chumba. Mama alivumilia kidogo akavivua.

"Huyu anaimba ndani ya kichwa changu," alisema. "Siwezi kuimba na mtu ambaye simwoni."

Salumu hakubishana. Alimtoa Atupele kule alikokuwa, akawasimamisha pamoja mbele ya maikrofoni moja. Mama akamshika Atupele mkono akamhamishia kushoto kwake, akasogea mpaka mabega yakagusana. Wakaimba beti zote, pamoja na zile zinazopumzishwa siku hizi. Mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni. Mbele dukani mtu alikuwa anauliza bei ya kanga, na Salumu alimnyamazisha kwa mkono.

Walipomaliza alijaribu kuweka ngoma za kompyuta, akazisogeza huku na kule, akaziondoa.

"Bibi, mapigo hayakai. Wewe unapumua unapotaka mwenyewe."

"Napumua maneno yanapokwisha," mama alisema.

"Basi nitaiacha hivihivi."

"Ndaga fijo," mama akamshukuru, akaomba maji ya kunywa.

Nyumbani tuliweka flashi kwenye spika, watu wote wakakaa barazani. Mama alikuwa mkekani. Ilianza sauti ya Atupele, imenyooka, halafu ile nyingine ikaingia chini yake. Mama aliinua kichwa. Kakao ikabaki mkononi.

"Mama Anyosisye mmempata wapi?" aliuliza.

Lusekelo alipunguza sauti ya spika. Kisha Atupele akasema, "Bibi, huyo ni wewe. Ni pale kwa Salumu."

"Huyu si mimi. Mimi sauti yangu naijua."

Lusekelo alitaka kumweleza mambo ya maikrofoni. Nikamgusa goti, akaacha. Mama hakuwa amechanganyikiwa. Siku hiyo hiyo alinikumbusha dawa niliyosahau kumnunulia. Nadhani mtu hajisikii mwenyewe anavyosikika kwa wengine, na yeye katika maisha yake yote, sauti ya pili aliyowahi kuisikia ikitoka nje ya kichwa chake ilikuwa ya mwenzake. Au pengine kweli walikuwa wamefanana, kwa kukaa benchi moja miaka yote ile. Sijui, na sikuwa na namna ya kulinganisha.

"Rudisheni," alisema.

Wakarudisha. Safari hii, ubeti wa kwanza ulipofika katikati, aliimba nayo.

Kwaya ya vijana haikuiweka rekodi ile pamoja na nyingine. Walisema haina biti, na watu wataruka kuipita. Wana haki, ni kazi yao. Ipo kwenye flashi ya Atupele na kwenye simu yangu. Mama huiomba asubuhi anapoanza kazi, na haiiti kwa jina la wimbo. Anasema, "Niwekeeni Mama Anyosisye." Jumapili anafungua kitabu na anaimba. Atupele ameanza kuwafundisha wasichana wawili watatu sauti ya pili, na wanalalamika kwamba haina utamu.

Enzi zetu wimbo ulipokwisha ulikuwa umekwisha. Mama Anyosisye aliimba tangu ujana wake mpaka miguu ilipomkatalia kufika kanisani, na hakuna mahali popote ilipobaki hata pumzi yake moja. Hatukuona hasara yoyote. Tulikuwa naye kila Jumapili, na mtu uliye naye kila Jumapili huhangaiki kumhifadhi. Hawa wa leo wanahifadhi kila kitu, mazoezi, makosa, hata kikohozi kabla ya kuanza, na simu zikijaa wanafuta ili wapate nafasi ya kuhifadhi vingine. Wakifikia umri wangu watakuwa na sauti za watu wao wote, kama hawatazifuta. Mimi ninayo moja. Huwa naisikiliza Mbeya, jioni nikipika. Wakati mwingine ni mama, wakati mwingine ni Mama Anyosisye, na nimeacha kujaribu kuwatenganisha.