Marehemu Aliyekuwa Hakimu

Nilipofanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nilimtunza mama mzazi wa madam, bi mkubwa mwenye kisukari. Kila alasiri tulitazama tamthilia ya Kimarekani, na nesi mmoja wa humo tulimpenda sana. Siku moja nesi akafa. Bi mkubwa akalia, akaniamuru nipike kahawa chungu ya msiba, akagoma kula. Mimi sikusoma. Niliamini maiti ni maiti, nikalia naye.

Siku ya pili bi mkubwa alitetemeka mwili mzima kwa njaa. Niliogopa atanifia mikononi. Nikabadilisha stesheni ili nimtulize, na rimoti ikaniponyoka. Marehemu yuko hai, tena hakimu, anafunga watu jela. Nikaiokota, nikageuza stesheni nyingine: katika filamu ya zamani, ni yeye yule, msichana anacheza dansi.

"Si tulimlilia huyu?" nikamwuliza madam alipoingia.

Akacheka. "Ni kazi yake. Anaigiza tangu sijazaliwa. Ameshakufa mara nyingi."

Bi mkubwa akamkodolea macho yule hakimu. "Mwongo mkubwa. Nimemwombea siku mbili na tumbo tupu. Halas, basi yamekwisha, lete wali."

Akamaliza sahani, akataka nyingine, na macho hayakubanduka kwa hakimu.