Uji wa Mama Katika Fungate Yangu

Nakumbuka siku moja ya fungate yangu, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nyumbani kwa wakwe zangu, Malindi ya Unguja mjini. Mimi mtoto wa Makunduchi nimeolewa mjini, na watu wa mjini ulimi hawana haya. Asubuhi hiyo mama yangu, aliyefikia kwa jamaa hapo mjini, kapika uji wa mtama kwa tui na pilipili manga, kauleta wanywe wanawake waliokuja kunitazama.

Wifi yangu Zuhura akaupokea, akaufunika jikoni. "Huu wa shamba. Leo tunakula cha Ulaya." Akatoa boksi la dukani: vipande vya mahindi, vyembamba, vikavu, vya kumiminiwa maziwa. Haya! Maziwa baridi asubuhi, nani kwetu anayanywa? Akayachemsha kwa iliki, akayamimina yakifoka. Kufumba na kufumbua, vile vipande vyote vimerojeka. Wageni wakatazama bakuli, kisha wakatazamana.

Mama yangu kakaa mwisho wa mkeka, kainamisha uso. Wallahi, roho iliniuma! Sasa, bi harusi wa fungate haingii jikoni, hilo hata mtoto analijua. Akiingia atasemwa mpaka azeeke. Nikainuka na hina zangu, nikaingia jikoni, nikautoa uji mbele ya watu, nikamtilia mama mkwe kwanza.

"Umekosa nini, bi harusi, hata ukainuka?" akaniuliza mama mkwe.

"Sikukosa kitu, Mama. Huu kapika mama yangu, nami siuonei haya."

Nikajisemea, leo narudishwa kwetu. Mama mkwe akanywa funda, akanywa jingine, akamgeukia binti yake.

"Zuhura, hicho cha boksi nacho si uji? Nafaka imepikwa huko, ikakaushwa, ikapanda meli, na wewe umeirejesha kuwa uji. Huu uliopikwa leo unaufichia nini?" Kisha akampigia mama yangu mkeka kwa kiganja. "Mkwe wangu, njoo ukae hapa na mimi."

Mama akasogea, kichwa juu. Najivuna mpaka leo, usinicheke.

Basi, mwanangu, cha Ulaya kula, hakuna aliyekukataza. Mimi mwenyewe nakila nikikipata. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Na ukimwona mzazi wako kawekwa mwisho wa mkeka, usingoje ruhusa ya mtu, inuka. Mungu akupe riziki ya halali, akujaalie na watoto wasiokuonea haya. Amin.