Mstari wa Guardian

Siku ya kuanua tanga la mama, kule Janga, ukoo ulitugawa. Baba alikuwa amefariki zamani. Mdogo wangu wa kiume akapewa shangazi wa Kwala, na begi lake likafungwa palepale kwenye pikipiki ya shangazi. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyechaguliwa kuanza kidato cha kwanza, akapewa baba mkubwa wa Mzenga, mwenye ng'ombe wengi na nyumba isiyo na mtu wa kupika. Mimi, wa kwanza, miaka kumi na tisa, sikuulizwa kitu.

"Lete hiyo fomu nisaini," baba mkubwa akamwambia huyo wa mwisho. "Kesho tunaondoka. Mambo ya shule tutayaangalia hukohuko."

Mdogo wangu akaikumbatia bahasha yenye fomu, akanitazama.

Fomu ile nilikuwa nimeshaisoma. Chini kabisa iliandikwa "guardian", kisha mstari mtupu. Mimi shule niliiacha kidato cha pili mama alipoanza kuugua, lakini mwalimu mmoja alinipa kamusi yake nene ya Kiingereza, na asubuhi ile nililitafuta neno hilo. Kamusi ilisema ni mlezi, na kwamba Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Wajerumani wa kale, na chanzo chake ni kuangalia, kulinda. Ikaongeza kwamba "ward", yaani wodi, ni neno la ukoo huohuo. Hapo nikaifunga. Wodini nililala sakafuni kando ya kitanda cha mama wiki tatu, na kati ya waliokaa jamvini hakuna aliyekuja zaidi ya mara moja.

"Baba mkubwa, samahani," nikasema. "Nitasaini mimi."

"Wewe?" Shangazi akacheka. "Shule yenyewe si ilikushinda?"

"Haikunishinda, shangazi. Niliacha ili nimwogeshe wifi yako."

Baba mkubwa akanyoosha mkono kwa mdogo wangu.

"Lete."

Hakupeleka. Alikuja kwangu na bahasha, na kalamu aliyofanyia mtihani wa darasa la saba.

"Ukishindwa usije kunililia Mzenga," baba mkubwa akasema.

"Siji, baba."

Nikasaini, jina likapita mwisho wa mstari.

"Dada, umetoka nje," mdogo wangu akanong'ona.

Nilipoinua kichwa, mdogo wetu wa kiume alikuwa ameshaifikia pikipiki ya shangazi, anafungua kamba ya begi lake.