Kinyozi Wembe na Kifua Chake

Walimwita Wembe, wala si kwa sababu ya kazi yake ya kinyozi. Ulimi wake ulinyoa kuliko mashine. Ukishakaa kitini umefungwa shuka shingoni huna pa kukimbilia: alikutajia kitambi chako, upara wako, mkeo aliyekutoroka, na benchi zima la waliosubiri zamu likaangua kicheko. Watu walirudi hata hivyo. Alijua kunyoa, na kila mtu alipenda kuwapo siku ya kuchekwa mwingine.

Alipoambiwa ana saratani ya tezi dume hakulia. Muuguzi alimpa vidonge vya kuzuia homoni inayoulisha ugonjwa, akamweleza taratibu: kimoja kila siku, ajisikie vizuri ajisikie vibaya, na likimsumbua lolote aje aseme, asiache kwa kichwa chake. Wembe aliitikia ndiyo, ndiyo, akili yake iko kwa wateja.

Dawa ilifanya kazi. Maumivu ya kiuno yakaisha. Lakini kifua kikaanza kujaa, kikawa laini, chuchu zikauma zikiguswa na fulana. Mkewe aliona, akamtafutia mashati mapana. Wembe mwenyewe roho haikutulia. Aliwatazama wale wa kwenye benchi, kila mmoja na kidonda alichotiwa na ulimi wake, akajua wanangoja. Siku moja fundi viatu, mteja wake wa miaka, akamkazia macho kifuani.

"Wembe, utanyonyesha lini?"

Benchi lilicheka hadi machozi. Naye alicheka, kicheko cha kinafiki kabisa. Siku hiyohiyo akaacha dawa.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alitia kidonge mdomoni mbele ya mkewe, akakibana shavuni, akanywa maji, akaenda kukitemea chooni. Alijiona mjanja kweli. Kifua kikapungua kidogo, ulimi ukarudisha makali, na fundi viatu akatiwa adabu mbele ya watu mpaka akajuta kuzaliwa.

Maumivu yaliporudi, safari hii mgongoni, alisingizia kusimama kutwa. Kliniki akaikwepa. Ndipo asubuhi moja, amemnyoa mteja upande mmoja tu, miguu ikamwishia nguvu akaketi sakafuni kwenye nywele. Mteja alidhani ni utani wake mwingine, akacheka.

Hospitalini walisema saratani imeshafika kwenye uti wa mgongo. Muuguzi yuleyule alisoma vipimo vya damu, akamuuliza kwa nini aliacha vidonge. Wembe alitazama ukuta, akataja kifua. Muuguzi hakumwonea huruma, au labda alishachoka kuwaonea watu huruma.

"Mzee, hiyo ya kifua ina tiba yake. Ungetuambia tu."

Sasa mkewe humgeuza kitandani, humwosha, humletea kidonge na kumkagua chini ya ulimi. Hana haja ya kumkagua. Mwanamume huyo humeza hata kabla ya maji kufika. Juzi aliomba apewe viwili kwa mpigo, labda miguu ingeamka.

"Hivi ni vya kuushika ugonjwa, baba watoto," mkewe alisema. "Vya kurudisha miguu havipo."

Wembe aliinua kichwa kidogo. Akafungua mdomo, na mkewe akamtilia kimoja.